Nyumba Yako Tuliyoibeba Hadi Biliqo

Mama Jillo,

Mimi Guyo, mume wako, nina miaka sabini na tisa. Wale wanaosema ni themanini na tatu wana wivu tu kwa sababu meno yangu bado yako. Nimepita ukame uliomaliza ng'ombe, nikapita ule uliomaliza mbuzi. Nimezika rika langu lote. Nimezeesha malori mawili kwa barabara ya Merti wakati dereva mwingine akifika mtoni alikuwa anageuka. Serikali ya kaunti imekuja nikiwa hai. Nilifikiri mimi ni wa kupita kila kitu, lakini kukupita wewe sikuomba.

Salaam aleikum huko uliko. Mwandiko huu ni wangu mwenyewe, ule wa darasa la ngumbaru, uliosema unafanana na nyayo za kuku. Cheka. Jillo alitaka nimwambie maneno aandike yeye kwa simu, nikakataa. Haya ni ya mimi na wewe.

Unajua vile wanawake walifungua nyumba yako pale Biliqo baada ya mazishi, wakatoa mikeka, wakatoa miti iliyopinda, wakafunga mzigo. Halafu wakaniangalia. Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Mwanaume ana ngamia na mdomo, na mimi ngamia waliisha zamani. Basi nikachukua huo mzigo nikaja nao kwa Jillo, kwa chumba chake cha kukodi hapa Chechelesi, Isiolo mjini, nikaupandisha juu ya mabati, mahali mwizi hafiki. Nikawa nawaambia majirani, "Nyinyi mmekodi. Mimi nyumba yangu nzima imelala juu yenu."

Jillo alioa baada yako. Msichana anaitwa Sori, wa Marsabit mjini, anacheka kama mtu anayemwaga maji. Ungempenda, halafu ungemgombeza. Akapata mimba, na tumbo lilipokuwa kubwa mwenye ploti akaja akasema tutoke, anajenga ghorofa. Tangu kaunti ije kila mtu anajenga ghorofa. Jillo alizunguka na boda yake mji mzima akitafuta chumba. Penye nafasi kodi ilimshinda, na pale angeweza kulipa walisikia kuna mtoto anakuja na mzee juu yake, wakasema kimejaa.

Nikasema, "Mnahangaikia nini? Nyumba tunayo. Tutafute tu mahali pa kuisimamisha."

Jillo akasema, "Abba, zile ni kuni."

Jioni nikaanza kuushusha mzigo.

Tuliazima pikapu ya Hasani anayeuza mbuzi. Jillo akaendesha, Sori katikati na tumbo lake, mimi dirishani naonyesha njia, nyumba yako nyuma imefungwa kamba. Tulianza mtaa wa Wabera kwa dada yako Halima. Ana uwanja wa kutosha, lakini ameweka vigae mpaka mlangoni. Kabla sijasalimia akasema, "Shemeji, viatu." Akaangalia nyuma ya pikapu. "Na hiyo takataka ni ya wapi?" Nikamwambia ni nyumba ya dada yake. Akalia kidogo, akafuta macho, halafu akasema uwanja wake hauwezi kuwekwa kibanda, majirani watasema nini. Sori alimwambia asante kwa adabu. Kwa gari akamuigiza, "Shemeji, viatu," mpaka Jillo akashindwa kushika usukani.

Baada ya mto niliwaambia wakate kwa laga, lile bonde la mto mkavu, kuna njia ya mkato ninayoijua hata nikiwa nimelala. Iko. Mchanga ndio umehama. Gari ilizama mpaka tumboni. Jillo akachimba, mimi nikaelekeza, na Sori akashuka akasukuma. Nilimkataza, akasema, "Abba, wewe kaa hapo utuombee, hiyo kazi unaiweza." Gari ikatoka, akakaa chini mchangani anacheka, ameshika tumbo kwa mikono miwili. Nikasema moyoni, huyu atakuwa na nyumba. Nilikuwa na hakika kama dereva anavyojua breki yake.

Kwa ndugu yangu Dida, huko mbele, ilikuwa ni "karibu sana, karibuni," wake zake wawili wakigombana nani atapika chai. Mahali pa kujenga Dida alisema palikuwapo mwaka jana, sasa ametengea watoto wake. Tukanywa chai. Tulipotoka tukakuta mbuzi wamepanda kwa pikapu, wamekula mikeka yako. Yote, Mama Jillo. Ile uliyosuka mwaka wa mvua nyingi, ile uliyosema itanifunika mimi nikifa, ilikuwa inaning'inia mdomoni mwa beberu. Nilimkimbiza Dida badala ya mbuzi. Jillo na Sori walicheka, mimi nikawaambia mikeka ni nguo tu, mifupa ya nyumba ipo. Hata turubai inafunika.

Tukafika Biliqo. Jillo alinipeleka kaburini kwako kwanza. Kuna mwiba umeota miguuni pako, nikaung'oa, mkono ukatoka damu, nikarudi kwa gari.

Pale nyumba yetu ilikuwa, mahali papo wazi. Hakuna aliyetukataza. Nilimwambia Sori, "Hapa. Chagua mwenyewe mlango utakuwa wapi." Akachagua, akaweka jiwe. Alikuwa ameacha kucheka, uso umetulia kama mtu ameshatua mzigo. Wanawake vijana wa huko wakaja kuangalia. Wote wana mabati sasa, hakuna hata mmoja anayejua mti upi unaanza. Wakamleta Talaso, yule mliyekuwa mnajenga pamoja. Haoni vizuri siku hizi. Akapitisha vidole kwa miti, akakutaja kwa jina lako, "Hii ni ya Darmi." Akanusa. "Guyo, uliiweka wapi?"

"Juu ya mabati. Mahali salama."

"Juani?"

"Mahali salama, nimesema."

Akasema, "Nyumba inakaa ndani ya moshi, miti ibaki laini. Umeichoma bila moto."

Nikamwambia sikuchoma kitu, miti ya siku hizi ni dhaifu. Lakini najua hii ni wewe uliikata, zamani, na malorini nilibeba miti ya watu na haikuvunjika. Sori akaushika mti wa kwanza, Talaso akamshika viganja akamwonyesha kuvuta taratibu, na ukakatika. Sauti yake ni kama mfupa. Wa pili vilevile. Jillo akasema tuwache, Sori akakataa, akaendelea mmoja baada ya mwingine, jasho linamtoka, na mimi namwambia bado, huo mwingine ni mzuri, jaribu huo. Mpaka akabaki amesimama kati ya vipande, pale alipoweka jiwe la mlango. Akasema polepole, "Abba, turudi. Mgongo unaniuma."

Wanawake wa Biliqo waliomba vipande wapikie, nikawapa.

Mtoto alizaliwa hospitali hapa Isiolo. Ni msichana, wamemwita Darmi. Nilimshika. Ana paji lako la uso. Kisha msingi wa ghorofa ukaanza kuchimbwa pale tulipokodi, Jillo akauza boda, wakahamia Marsabit kwa mama yake Sori. Waliniita. Ningeenda vipi, Mama Jillo, mzee kama mimi kukaa nyumbani kwa mama wa mke wa mtoto wangu? Nipo kwa Halima. Natoa viatu. Jillo hupiga simu, anasema mtoto anakua, anasema watakuja. Sauti yake najua ikiwa inasema kweli na ikiwa haisemi.

Mti mmoja haukukatika. Ule mfupi wa juu ya mlango, ambao hatukufika kuujaribu. Nilirudi nao. Halima anapika kwa gesi, nyumba yake haina moshi hata wa kumtoa mtu chozi. Kwa hiyo nimeutundika kwa kibanda cha Mama Nkatha anayeuza chai Chechelesi, juu ya meko, na kila asubuhi naenda kuugeuza na kuupaka mafuta. Ananiuliza ni wa nini. Nasema ni wa mlango. Anauliza mlango wa nini, nasema ongeza sukari.

Najua mti mmoja si nyumba. Usinifundishe. Talaso akienda hakuna wa kumwonyesha huyo Darmi mdogo kujenga, na mimi ninachojua ni kuelekeza gari. Lakini nakuahidi nikiwa na miguu mti huu utageuzwa kila siku, na siku nikishindwa nitamwambia Mama Nkatha asiuchome. Lala salama, mwenye nyumba.

Mtu akikuambia huko kwamba Guyo ameongeza chumvi, amuulize Sori, alisukuma. Amuulize Dida juu ya mbuzi. Amuulize Talaso, lakini afanye haraka. Na huo mti, amuulize Mama Nkatha, ndiye ananiona nikiushika.

Guyo