Shahidi wa Tatu

Jumatatu, 3 Machi
Mafunzo ya uamuzi wa hiari wa migogoro ya kazi yameanza. Tuko kumi na wawili, wanasheria watupu – na mimi, mshona vifungo mstaafu! Mkufunzi, hakimu wa zamani mwenye sauti ya kubembeleza, anasema mwamuzi hana upande. Mimi miaka ishirini na sita nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi. Upande ndio uliokuwa kazi yangu. Leo nimerudisha kadi ya chama cha wafanyakazi. Karani akaitupia kwenye droo bila kuitazama. Roho iliniuma.

Jumatano, 5 Machi
Nimekumbuka kiwanda siku nzima. Mvuke wa pasi, vumbi la pamba kwenye nyusi, sisi tukiimba kushindana na mashine. Rafiki yangu Somo, mpiga pasi wa nyuma yangu, akinitumbukizia vifungo kwenye kola. Msimamizi alitutenganisha, kisha akaturudisha mwenyewe, kazi ilikuwa imedorora. Jamani, siku zile!

Somo kapiga simu. Anasema nikipata cheti, kesi yangu ya kwanza ni yeye na mkwe wake, na nisithubutu kumpa mkwe ushindi.

Ijumaa, 7 Machi
Mtihani Jumanne. Tutapewa faili la kesi ya zamani, majina yamefutwa, tuandike uamuzi. Aliyehusika na kesi hiyo aseme mapema, asubiri awamu ijayo – miaka mitatu! Akificha akagundulika, basi tena. Nina miaka sitini na miwili. Mwisho wa kusajiliwa ni sitini na minne.

Jumanne, 11 Machi
Naandika haya kwenye benchi la korido. Wenzangu wako ndani.

Nilifungua faili. Kiwanda cha nguo. Mpiga pasi, mama wa mapacha wachanga, kafukuzwa: eti alilala, pasi ikaunguza mashati. Nikafunua hadi ukurasa wa tisa. Shahidi wa tatu, mshona vifungo, ameapa kwamba mlalamikaji alikuwa macho. Waya wa pasi ndio uliokuwa mbovu.

Kwa maneno hayo Somo alirudishwa kazini. Tulimbeba juu juu kutoka getini. Sijawahi kupata siku tamu kama ile.

Lakini alilala. Nilimwona, kichwa mezani, mdomo wazi. Nikamwonea huruma, sikumwamsha. Na ukurasa wa mwisho: fundi umeme kaachishwa kazi kwa uzembe, eti kwa sababu ya waya ule. Fundi yule mpole! Miaka yote hii sijamfikiria hata siku moja.

Nikanyoosha mkono. Mkufunzi kanitoa nje, kauliza, unaijuaje, mama? Nikasema nilifanya kazi pale. Akatabasamu: wengi walifanya kazi pale. Kama hukuhusika, andika hivyo, saini, urudi ndani. Kanipa karatasi.

Somo anapiga simu, anataka kujua mtihani umekwendaje. Sijapokea.

Nimeandika: Nilifanya kazi pale. Nimeikata. Nimeandika: Shahidi wa tatu ni mimi. Mkufunzi kachungulia mlangoni, kauliza kama nimemaliza. Nimemwambia bado. Fundi naye sijamwandika –