Anwani Inayoitika

Jumatatu, 4 Machi

Unisamehe, daftari. Tangu Bosi azaliwe sijakuandikia hata mstari mmoja. Bosi ni mwanangu – meno hana, lakini akiguna tu nyumba nzima inasimama. Sasa amelalia mkono wangu wa kushoto. Naandika kwa wa kulia, na chai imeshapoa.

Nimepata kazi. Mkunga aliyenizalisha ana tovuti ya ushauri kwa wazazi wapya. Aliyeitengeneza kahama, kaniachia mimi. Kila mama akitoka wodini hupewa kadi yenye anwani za kurasa za kumsaidia. Tabu ni anwani zenyewe. Leo nimemsikia mkunga akimsomea mama mmoja kwenye simu: ukurasa, nukta, pi-eichi-pi, alama ya kuuliza, aidi, sawasawa na, thelathini na moja. Kisha: "Aa, mwanangu, usilie. Tuanze upya."

Akanigeukia. "Wewe ungeyaandika hayo na mtoto begani?"

Nisingeyaandika. Kazi yangu ndiyo hiyo basi: anwani inayoshikika na mtu ambaye hajalala.

Jumatano, 6 Machi

Imekubali! Skripti yangu, yaani programu fupi niliyoiandika, inachukua kichwa cha makala, inashusha herufi kubwa, inatupa alama zote, na penye nafasi inatia kistari. Mama akiandika jina la tovuti, mkwaju (ile alama ya /), halafu homa-ya-mtoto, seva inatafuta makala yenye kichwa hicho na kumletea. Basi. Zile za zamani zenye namba nazo nimezielekeza huku, zisipotee.

Mkunga kajaribu mwenyewe, kwa kidole kimoja. "Hii hata mimi naiweza." Kesho anapeleka kadi mpya kwa mpiga chapa.

Bosi kanitapikia kibodi. Herufi ya M inanata.

Jumanne, 26 Machi

Jino. Sina la kuandika zaidi ya jino.

Mkunga kapiga, anasema vichwa vingine vya makala havimpendezi, ameanza kuvinyoosha. Anauliza kama ataharibu kitu. Nikamwambia badilisha tu, mfumo unajipanga wenyewe. Nilijisikia fundi kweli.

Jumatano, 27 Machi

Kuna mama ana kichanga cha wiki tatu. Jana jioni kikachemka mwili. Akatoa kadi, akaandika vizuri kabisa: homa-ya-mtoto. Simu ikamjibu kwamba ukurasa haupo. Akajaribu tena. Haupo. Akaona basi labda si jambo kubwa, akangoja kukuche.

Ukurasa huo mstari wake wa kwanza unasema: usingoje.

Mtoto amelazwa.

Upo, jamani. Mkunga aliubadilisha kichwa, sasa unaitwa "Kichanga akichemka mwili". Skripti yangu ikafuata kichwa kipya kama kondoo, anwani ya zamani ikafa bila hata matanga. Na kadi mia na kidogo ziko mikononi mwa watu.

Mkunga hakufoka. Alisema taratibu tu, "Si uliniambia nibadilishe, mwanangu?" Bora angefoka.

Nimemgusa Bosi paji la uso kutwa nzima. La baridi. Namgusa tena.

Alhamisi, 28 Machi

Mkunga anataka turudi kwenye namba. Anasema namba hazibadiliki majina. Kweli, ila nani atazisoma na mtoto anawaka? Nikaomba hadi kesho.

Ndipo mama yangu akapiga. "Kadogo, mbona sauti imekukauka?" Nikaitika palepale. Nyumba hii hakuna anayeniita Kadogo, jina langu la utotoni. Kwa mkwe wangu mimi ni Mama Bosi, kwa mume wangu ni "wewe". Lakini mama akiita Kadogo, naitika, na ninayekuja ni mimi yuleyule.

Nilimkatia simu katikati ya sentensi, Mungu anisamehe.

Sasa makala inapewa anwani siku inapozaliwa, na kichwa kikibadilika anwani haibadiliki. Na kila jina la zamani ninalolijua nimelipa nafasi kwenye jedwali: likiitwa, linaitika na kukupeleka kwenye ukurasa wake. Homa-ya-mtoto inaitika. Nimeijaribu mpaka Bosi kachoka kuniangalia.

Lakini anwani za makala nyingine zilizobadilishwa vichwa! Databesi ilihifadhi vichwa vya mwisho tu, na mkunga hakumbuki alianzia wapi. "Nilikuwa nabadilisha huku napokea wazazi, mwanangu." Nikamwambia, shikamoo yako naiheshimu, ila kuanzia sasa usiguse kichwa hata kimoja mpaka nikuruhusu. Kisha: "Haya, mama."

Majina ya zamani yamebaki kwenye kadi peke yake. Bosi akiamka namtumia mkunga ujumbe. Nauandika hapa kwanza, kichwa changu siku hizi ni chujio. Nahitaji anitumie:

Picha za kadi zilizobaki kwenye droo, mbele na nyuma.

Ile iliyobandikwa mlango wa wodi, hata kama imechanika.

Faili alilompelekea mpiga chapa, kabla hajalifuta.

Kadi za akina mama walioko nyumbani, wazipige picha wenyewe. Zenye madoa ya maziwa pia nazitaka.

Ya yule mama wa kichanga siihitaji, anwani iliyomkatalia naijua tayari. Kwake nahitaji neno moja tu: leo mtoto amenyonya?