Nauli ya Kitabu cha Pili

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Tumemaliza kitabu cha kwanza. Mwezi mzima namsomea Mama, macho yake hayashiki maandishi tena. Na hadithi imekatika Marita akiwa mlangoni kwa baba aliyemfukuza, anabisha hodi. Basi! Mama ameuliza, alifungua? Nikamwambia iko kwenye kitabu cha pili. Kitafute, akasema, mimi sina siku nyingi. Kama mtu anayeagiza chumvi dukani. Daktari naye hakuficha, figo zimechoka.

Jumanne, 9 Septemba
Kimepatikana. Kwenye grupu letu la kubadilishana vitabu — Kultum, ana duka la vitambaa huko Migori. Anataka hadithi za watoto kwa binti yake. Ninazo tatu, alizoacha mwanangu Bitutu alipokua.

Sasa nauli. Desturi ya grupu ni kila mtu kulipia anachotuma. Kultum akaandika: dada, chako ni bahasha, changu ni tofali, kwa nini mimi niumie zaidi? Tumekubaliana kila mmoja alipie anachopokea. Anayetaka tofali abebe tofali. Nimejiona mtu wa haki kweli.

Ijumaa, 12 Septemba
Vyangu vilifika Migori jana, Kultum amevilipia na kushukuru. Changu alisema atatuma leo asubuhi. Saa sita, hakuna. Saa tisa, hakuna. Nimeenda ofisi ya parcel pale steji ya magari mpaka Dorine, karani wa pale, akachoka na mimi. Nyatichi, ai, si nitakupigia tu kikifika.

Jua linashuka. Nazima simu. Mama ndiye aliyetulea hivi: Sabato ikiingia, simu kwenye droo hadi jua la kesho lizame. Hakuna mtoto wake aliyewahi kumbishia.

Jumapili, 14 Septemba
Niliwasha simu jana jioni. Bora ningeiacha kwenye droo.

Kifurushi kiliingia Ijumaa, giza limeanza. Kultum alifunga duka kwenda kuswali, akakituma baadaye. Dorine amepiga na kupiga. Ofisi haikai na mzigo usiolipiwa, jana mchana wamekirudisha Migori. Kultum akadaiwa kwenda na kurudi. Ameniandikia: vitabu vyako nimelipia mimi, changu nimelipia mimi, wewe dada umelipa nini?

Sijalipa kitu. Yeye hakujua Sabato yangu, mimi sikufikiria Ijumaa yake. Nimemweleza yote. Amesoma, kimya. Na kwenye grupu kuna mtu anauliza kama Nyatichi wa Oyugis ni tapeli. Nimelia jikoni, Mama asisikie.

Jumatano, 17 Septemba
Bado kimya. Nimemwandikia Kultum kwamba nitalipa nauli zote, zake na zangu. Nitalipa na nini, sijui. Nyanya zangu zinaozea sokoni, sina siku ya kuziuza.

Mama amekataa uji. Leo nimefanya ujinga. Nikachukua kitabu kilekile cha kwanza, nikajifanya nasoma cha pili. Baba akafungua mlango, nikasema, akamkumbatia Marita, wakalia. Mama akasema, huyo mzee hawezi kufungua upesi hivyo. Nisomee kilichoandikwa.

Nikafunga kitabu. Sina kingine cha kumpa mama yangu. Dawa nimeshindwa, chakula nimeshindwa, hata hadithi.

Ijumaa, 19 Septemba
Muuguzi amepita asubuhi. Akanivuta nje, akaniambia niwaite ndugu zangu leo, nisingoje wikendi iishe. Nimepiga. Wa karibu atafika kesho.

Saa tisa ujumbe wa Kultum: Nimetoka kuswali, nimekituma tena. Ulipe kikifika, hizo zingine tutaongea. Usizime simu dada, nakuomba.

Nimeusoma nimesimama. Kutoka Migori kwa saa hizi, kitafika Sabato imeshaingia. Kupokea simu. Kwenda steji. Kulipa! Nisipoenda, kesho mchana kinarudi tena, na safari hii hakuna Ijumaa nyingine.

Sikumwambia Mama. Ningemwambiaje? Amekaa miaka yote na siku hii moja safi. Nikakaa na simu mkononi karibu na droo kama mwizi.

Akauliza, macho amefumba, kama jua limezama. Nikasema ndiyo. Akauliza yule wa Migori anasemaje. Nikamwambia, yote, mpaka habari ya kulipa.

Lete simu, akasema. Nikampa. Nilijua ataniambia niizime, na ningeizima.

Ameiweka kifuani, mikono yote miwili juu yake. Iache iite, amesema.

Haijaita. Mama hasemi tena, anapumua tu, simu inapanda na kushuka. Nimeshavaa viatu.