Kisahani cha Mama Mkwe

Ijumaa, 10 Machi

Uji wa ulezi, vijiko vitano. Nimeishia hapo, cha sita kingerudi. Zamani bakuli zima lilikuwa la kusubiria chapati ziive.

Kilo zinashuka. Gauni la zambarau lililokuwa likinibana kwapani sasa linaning'inia. Leo nimepanda ngazi za duka langu la vitenge, pale Mwanga, bila kushika ukuta. Sukari imetulia, presha imetulia. Daktari wa Dar aliniambia tumbo walilonibakishia halizidi ndizi moja. Nilicheka, kidonda kikaniuma.

Hapa Ujiji anayejua ni mume wangu Hamisi peke yake. Wengine wote niliwaambia nimekwenda kutolewa uvimbe kwenye kizazi. Uongo huo niliuchagua kwa makusudi, kwa sababu hakuna anayeuliza zaidi. Wanawake wanainamisha macho, wanasema pole, basi.

Ijumaa chakula ni kwa mama yake Hamisi, mtaa wa Kasingirima. Tunakula wote sinia moja. Ugali wa muhogo, sombe la majani ya muhogo, samaki migebuka. Sinia ni rafiki yangu. Mkono unakwenda, mkono unarudi, nani ahesabu matonge ya mwenzake? Nimekula mawili na hakuna aliyeona.

Jumapili, 12 Machi

Naona haya. Si kwa watu wa sokoni, hao nawajibu wanavyostahili. Naona haya kwa Mama Mkwe.

Alivuka ziwa kutoka Rumonge, Burundi, wakati wa vita, Hamisi akiwa mtoto wa kushikwa mkono. Mtumbwini hawakuwa na chakula. Anasema alikuwa anatafuna upindo wa khanga ili apate mate. Alipofika hapa akaanza na beseni la maandazi kichwani. Sasa ana meza yake ya chakula karibu na msikiti, na alikuwa na mkamwana, mkazana kama wanavyosema kwao, anayejaza mlango. Akipata wageni ananiita nisimame. "Mtazameni. Huyu anakula kwangu." Unene wangu ulikuwa sifa yake.

Nitamwambiaje mtu huyo kwamba nimelipa watu wanikate tumbo ili nisile?

Jumatano, 22 Machi

Vunja jungu. Balaa tupu.

Mama Mkwe aliwaalika majirani kula kabla ya Ramadhani. Mimi nimefika nikitegemea sinia. Limewekwa, nikajisogeza. Akaniita nikae kitini. Kwa kuwa nimetoka hospitali, kaniandalia sahani yangu peke yangu. Samaki kuhe mzima ndani ya mawese, na wali mlima mzima. Halafu akafanya kama wanavyofanya kwao. Akachukua tonge kwenye sahani yangu, akala mbele ya watu wote, ndipo akanikabidhi. Maana yake chakula hiki ni salama, na sina baya nawe. Ukishaonjewa hivyo huwezi kukiacha. Ukikiacha umemtangaza mchawi.

Tonge la kwanza nimelila taratibu. La pili. Macho yote kwangu. Mama Shani, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, akasema kwa sauti mbona mgonjwa anadonoa kama kuku. Nikaona aibu, nikabugia la tatu na la nne, na mawese juu yake. Jasho likanitoka. Moyo mbio. Nimetoka nje, sikufika hata chooni. Nimetapika ukutani mbele ya wanawake wa mtaa mzima.

Niliporudi sahani yangu bado ilikuwa imejaa. Hakuna aliyekuwa akila tena. Mama Mkwe kasimama na birika la kunawia, maji yanammwagikia miguuni, hana habari.

Jumamosi, 25 Machi

Ramadhani imeingia. Mimi sifungi, daktari kakataza. Nakunywa maji chumbani, funda moja moja, mwizi mkubwa mimi.

Mteja mmoja kaniinamia dukani, tena akijifanya anachagua vitenge. "Dada, usile tena kule." Kule wapi? "Unapajua mwenyewe. Tangu uanze kula kwa yule Mrundi unapukutika." Nikasema nilifanyiwa upasuaji. Akasema ndiyo hivyo hivyo wanavyofanya, nyama yako inaliwa kidogo kidogo na wewe unadhani unaumwa.

Nimemfukuza. Nimekula pale tangu niolewe, nikanenepa mpaka viti vikanikataa. Hilo hakuna anayelikumbuka!

Alhamisi, 30 Machi

Nimepita mezani kwa Mama Mkwe kabla ya futari. Vitumbua, mihogo ya nazi, uji wa pilipili manga, vyote vimepangwa vizuri. Ramadhani zilizopita watu walikuwa wanasukumana hapo. Leo nzi tu. Ng'ambo ya barabara Mama Shani naye kafungua meza, na huko ndiko walikojaa.

Mama Mkwe kasema biashara ya mwaka huu ni nzito. Amesema huku akipangusa sahani ambayo haijatumika. Hakunitazama.

Hamisi ananiambia niseme. Nimemjibu nitasema. Sikusema. Nimezoea kujiona mwanamke jasiri, kumbe ni mdomo tu.

Jumatatu, 3 Aprili

Wanataka kumleta lambalamba, mganga wa kufichua wachawi. Hamisi kayasikia ufukweni kwa mafundi wenzake wa boti. Akija ataanzia nyumba gani? Sihitaji kuambiwa. Atamnyoa mama wa watu nywele na kumchanja chale hadharani. Hata akisema ni msafi, jina litabaki.

Nimefunga duka, nimekwenda Kasingirima mbio. Mbio kweli, kwa miguu hii. Nimemkuta anafunga mzigo. Sufuria ndani ya sufuria, nguo katikati zisigongane, khanga juu, fundo moja. Hakuna alichokirudia mara mbili. Anakwenda kambi ya wakimbizi kwa binti wa dada yake, aliyevuka juzi juzi tu na vita vya sasa vya ng'ambo ya ziwa.

"Nilishakimbia mara moja, najua. Bora nitoke mchana, kwa miguu yangu." Halafu akaniuliza bila kugeuka, "Na wewe unaamini?"

Hapo nikashindwa. Nimemwambia yote. Dar, daktari, tumbo, uongo wa kizazi. Alisikiliza ameshika fundo la khanga.

"Wamelikata?"

Ndiyo, Mama.

"Likiwa zima? Halina ugonjwa?"

Nikasema ugonjwa ulikuwa kwenye mwili. Sukari, presha, magoti, usiku sipumui. Sijui kama alisikia.

"Hicho walichokikata wamekitupa wapi?"

Nikasema sijui. Akaniambia niende. Hakupaza sauti. Nimelia njia nzima mpaka Mwanga.

Jumanne, 4 Aprili

Nina hasira, na zote ni juu yangu. Nimeilinda siri yangu kama mali, na mwenzangu ndiye anayeilipia.

Gari la kumpeleka kambini ni keshokutwa. Hamisi kambembeleza asubiri, kakataa.

Nilikuwa naogopa kwamba Mama Shani akijua, habari itafika Mwandiga kabla ya adhuhuri. Sasa naona hicho ndicho ninachokitaka. Kesho.

Jumatano, 5 Aprili

Nimefanya.

Adhana ya magharibi imenikuta nimekaa mezani kwa Mama Mkwe, kwenye benchi linalotazama barabara. Mzigo wake uko chini ya meza. Nikaomba uji na kitumbua. Akamimina bila kuniangalia. Nikaomba na kisahani cha kikombe, nikahamishia humo kiasi changu. Kisha nikatoa ile sauti yangu ya sokoni.

"Mama Shani! Njoo usikie mwenyewe, usije ukasimuliwa!"

Wamekuja. Kwa umbeya watu hawachelewi. Nikasema nilidanganya, sikutolewa uvimbe wowote. Nilikwenda kupunguzwa tumbo kwa sababu ule mwili mliokuwa mkiusifu ulikuwa unaniua. Nikila kwa pupa natapika, awe amepika mkwe wangu, awe amepika Mama Shani. Nikawageuzia wanawake tumbo, khanga ikinikinga upande wa wanaume, wakaziona alama. Mzee mmoja akasema astaghfirullah na kuondoka.

Mama Shani katumbua macho. "Yaani umetoa hela ili usile?"

Nimetoa.

Wakacheka. Wamenicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Nimeungua uso mzima. Lakini nikala pale pale, kijiko kwa kijiko, wananitazama, mpaka kisahani kikaisha. Sikutapika.

Mwanamke mmoja, bado anafuta machozi ya kicheko, akaagiza vitumbua. Mwingine akaagiza uji. Mama Shani hakununua kitu, karudi kwenye meza yake.

Mama Mkwe aliendelea kumimina uji, mgongo kwangu. Ila mzigo Hamisi kaubeba kurudi nao nyumbani, na mama yake hakumzuia.

Jumapili, 9 Aprili

Sokoni wananiita Kisahani. Abiria aliyetoka Mwandiga kaingia dukani kuuliza kama ndiye mimi. Nimemuuzia kitenge kwa bei ya juu.

Lambalamba hasemwi tena. Meza ya Mama Mkwe ina watu. Wengine wamekwenda kumwomba radhi, wengine wanajifanya hawakuwahi kusema kitu.

Ijumaa hakuniita kwenye futari. Hamisi alikwenda peke yake. Nampigia simu, anaitikia salamu, anakata. Nimeumia kuliko nilivyoumia kwa kisu. Kama angenitukana ningejua la kufanya.

Ijumaa, 14 Aprili

Sikuitwa. Nimekula viazi viwili nyumbani. Sina cha kuandika.

Jumamosi, 22 Aprili

Idi. Hamisi kasema twende wote, liwalo na liwe. Nimevaa lile gauni la zambarau, nimelipunguza pembeni.

Shikamoo, Mama. Marahaba. Basi, hakuna zaidi. Sinia la pilau likawekwa mkekani, watu wakazunguka, nikajisogeza kama zamani. Akaniita nikae kitini.

Katoka jikoni na kisahani cha kikombe, kile chenye maua ya bluu. Pilau kidogo, na kipande cha kuku alichokichambua mifupa yote. Akasimama mbele yangu na mbele ya watu, akachota kijiko ili aonje kama wanavyofanya kwao. Akakitazama kijiko. Akakitazama kisahani. Akarudisha nusu.

"Nikionja chote hiki, mkazana, wewe utabaki na nini?"

Akala punje chache za wali, akanikabidhi.

Nimekula chote.