Kulungu Jike Mwenye Pembe

Houston, Texas

Mdogo wangu Mwaja,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na wote wa nyumba yako. Goti lako limepoa? Mvua imefika Kongwa, au bado mnaangalia mawingu? Mimi mwili ni mzima. Kinachouma ni roho, na walioiumiza ni watoto niliowazaa mwenyewe. Barua hii isome kwa macho yako. Ngumbaru tulisoma wote, usimpe mwenyekiti wa kijiji akusomee halafu iwe habari ya gulioni.

Unaona nimeandika Houston. Nilikuwa Mansfield, kule upande wa Dallas, kwa binti yangu Neema, namlelea mjukuu wangu Upendo wakati mama yake yuko kwenye unesi wake. Nyuma ya nyumba kuna kijito na miti. Asubuhi wakishaondoka nakaa kibarazani na chai yangu, na wanyama wanakuja kunywa maji. Neema anawaita kulungu. Mimi nawaita mbuzi wa Marekani, maana ndivyo walivyo, ila wana miguu mirefu na hawana adabu, wanakula maua ya watu.

Kati yao kuna mama mmoja mwenye pembe. Ya kushoto imesimama, ya kulia imejikunja ikashuka mpaka karibu na jicho, na zote zina vinyweleo laini kama sikio la ndama. Watoto wake wawili wanamnyonya mbele yangu, wanampiga vichwa tumboni kama mbuzi wa kwetu. Mimi sikushangaa. Ng'ombe jike ana pembe, mbuzi jike ana pembe, huyu azikose kwa kosa gani? Jioni nikasema tu mezani, "Yule mama wa pembe mbovu leo kanyonyesha vizuri."

Upendo akacheka kwa Kiingereza chake. Neema akaweka kijiko chini.

"Mama, kulungu jike haoti pembe."

"Nenda kamwambie yeye."

"Mama, leo ni siku gani?"

"Siku ya wewe kunikosea adabu!"

Hapo kichaa kikaanza, na si changu. Akaleta karatasi yenye duara. Eti, "Andika namba za saa, halafu weka mishale ionyeshe saa kumi na moja na dakika kumi." Nikaweka. Mshale mfupi kwenye tano, mrefu kwenye mbili, kama saa ya ukutani kwako ukienda kufungia mbuzi. Neema akaitazama karatasi, akaitia kwenye droo, akatoka nje kumpigia simu kaka yake Yona. Nilimsikia: "Hata saa hajui tena."

Ndiyo nikaletwa huku kwa Yona kama mzigo. Yeye yuko barabarani na lori lake, mimi niko ghorofani na mke wake, ambaye nikienda chooni anasimama mlangoni. Nikimwambia niko salama, anasema, "Najua, Mama," na hasogei! Wananisubirisha daktari wa akili. Akisema nimeharibika, nitapelekwa kwenye nyumba ya wazee, nilishwe uji na watu nisiowajua. Mimi, niliyewalisha wao ugali na mlenda mwaka wa njaa!

Yona aliporudi akanionyesha picha kwenye simu. Kulungu majike chungu nzima, wote vipara. Mwaja, hapo niliogopa. Nilijifungia bafuni nikawa nataja mbuzi wa marehemu baba mmoja mmoja, nione kama wamebaki kichwani. Walikuwepo wote, hata yule kilema.

Leo asubuhi Neema kapiga simu, anahema. "Mama, nimemwona! Ana pembe, na watoto wananyonya!" Kumbe alikuwa amekaa kwenye kiti changu. Akaanza kunieleza habari za homoni, kwamba ni ajabu inayotokea mara chache sana. Sikumuuliza homoni.

"Umemwona saa ngapi?"

"Saa saba asubuhi."

"Mwanangu, tangu lini asubuhi ikawa na saa saba?"

Nikasikia droo inafunguliwa, karatasi inakwaruza. Kisha kilio. "Mama, nilisema kumi na moja ya Kizungu. Nisamehe."

Nikamwambia alete gari kwanza. Msamaha tutauzungumza njiani, ni mwendo mrefu na yeye hatakuwa na pa kukimbilia. Begi nimeshafunga, nimelikalia.

Msalimie shemeji yangu, mumeo, na umwambie apunguze chumvi. Msalimie mwanao fundi cherehani, gauni lake bado linanikaa. Mzee wa kanisa mwambie aliniombea vizuri, ila watoto wangu ndio waliohitaji.

Ni mimi dada yako, mwenye akili zake zote,
Debora