Nafungasha Kwenda Kambini, na Kifafa Changu

Nyaishozi, Jumamosi. Jua limewaka tangu asubuhi kama lina ugomvi na mtu, na vumbi la barabarani limepanda mpaka kwenye migomba. Mimi nina hasira. Nasema mapema ili anayesoma asije akadhani hii ni habari ya binti mpole anayekunja nguo huku akiimba pambio.

Nakunja, ndiyo. Lakini siimbi.

Begi liko kitandani, mdomo wazi. Kesho baada ya ibada, vijana wa usharika wetu wanapanda lori la Fuso kwenda Nyakatuntu, kule Kyerwa, kwenye kambi ya vijana. Wiki nzima. Tutalala kwenye madarasa ya shule, wasichana huku na wavulana kule, kila mtu na godoro lake. Asubuhi Biblia, mchana michezo, jioni kwaya. Mwaka jana wenzangu walikwenda, mimi nikabaki nachuma kahawa na kutazama picha zao kwenye simu.

Nilibaki kwa sababu niliambiwa nibaki. Na mwaka huu nimeambiwa tena.

Wacha nieleze. Nina miaka ishirini na mmoja. Nashona nguo kwenye kibaraza cha duka hapa senta, naimba sauti ya pili, na nina kifafa. Kilinianza nikiwa darasa la tano. Nyumbani hakuna aliyekitaja kwa jina, walisema tu "hali yake". Kwanza nilipelekwa kwa mganga, nikafukizwa moshi mpaka macho yakavimba. Kisha nikaombewa na watu waliomfokea mtu mwingine ndani yangu, mtu ambaye mimi simjui. Mwisho mama alinipeleka hospitali. Daktari akasema ni ugonjwa wa ubongo, kama vile wengine wanavyougua moyo au figo, wala hauambukizi. Akanipa vidonge. Navimeza kila jioni, na tangu hapo naanguka kwa nadra sana. Kuna miezi nasahau kabisa kwamba nina kitu.

Pasaka nilikumbushwa. Tulikesha tukifanya mazoezi, asubuhi nikaondoka bila kula. Ni kosa ambalo mwili wangu haulisamehe. Katikati ya wimbo nikasikia ladha ya chuma mdomoni, halafu sikusikia kitu tena.

Nilipoamka nilikuwa sakafuni, kanga usoni, mdomo umelowa. Kwaya nzima ilikuwa nje, inachungulia madirishani. Aliyebaki nami ni Edina peke yake, msichana wa sauti ya kwanza ambaye ndiyo kwanza alikuwa amejiunga. Alikuwa analia na hajui afanye nini, lakini alikuwa amenishika mkono.

Kwenye mazoezi yaliyofuata, uji ulipoletwa, kikombe changu kilikuwa kimefungwa uzi mwekundu ili kisichanganywe na vya wengine. Nilikunywa uji wangu, nikaufungua ule uzi, nikauweka mezani mbele ya wote. Wiki iliyofuata ukawa umefungwa tena. Nikaufungua tena.

Sasa nije kwenye leo.

Mchana nilikuwa barazani napiga pasi sare ya kwaya, ile pasi yetu ya mkaa, na mama yuko uani anageuza kahawa ya maganda iliyoanikwa kwenye jamvi. Wakaingia Elisha, mwenyekiti wetu wa vijana, na Mama Adelina, mlezi wetu. Shikamoo, marahaba, karibuni mkae. Nikawaletea viti na maji.

Elisha akazungumza na mama. Mwenye kifafa ni mimi, mwenye begi ni mimi, lakini yeye akamtazama mama.

"Mama, tumekuja kuhusu Koku. Sisi tunampenda sana."

Nikajua kimeharibika. Mtu akianza kwa kutangaza anavyokupenda mbele ya mama yako, kinachofuata si kizuri.

"Kambi ina watu wa kila mahali," akaendelea. "Jioni tunawasha moto mkubwa. Maji tunateka bondeni. Sasa kwa hali yake ile, tumeona mwaka huu apumzike. Abaki hapa atuombee."

Mama hakuinua kichwa kutoka kwenye kahawa. "Hata mimi nimemwambia," akasema. "Hasikii."

Hilo ndilo lililoniuma. Wiki yote hii mama amekuwa akilificha begi langu nyuma ya magunia ya maharage, nami nalitoa. Kila siku ananiuliza swali lilelile: ukianguka huko, nani atakugeuza? Najua ni hofu, si dharau. Lakini hofu ya ndani ya nyumba ni yetu sisi wawili. Kuitoa mbele yao, wakaichukua kama hoja yao, hapana.

Nikaiweka pasi juu ya jiwe. "Kaka Elisha, nipo hapa. Niulize mimi."

Akageuka, akacheka kidogo kwa aibu. "Haya Koku. Unaonaje?"

"Naona nitakuja. Hata nikibaki naweza kuanguka. Jikoni kwa mama kuna moto, na maji hapa tunachota kisimani."

Mama Adelina akaniinamia kwa sauti ya upole. "Binti yangu, si sisi. Ni watu. Wakiona hali ile wanatishika. Wengine wanasema ni pepo. Itakuwa aibu kwako."

"Aibu yangu niachieni mwenyewe, mama."

Sauti ilinipanda. Mtu mzima hajibiwi hivyo, najua. Nikasubiri mama anikemee.

Mama akaiacha kahawa. Akaja mpaka mbele ya Mama Adelina, akazungumza kile Kiswahili chake cha polepole, anachokitumia akitaka kila neno lifike.

"Hali ipi?"

"Ile ya Pasaka, mama Koku."

"Uliiona?"

Mama Adelina akayapeleka maji mdomoni.

"Nimeambiwa ulikuwa dirishani," mama akasema. "Kutoka dirishani huoni kitu. Ngoja nikuonyeshe."

Akarudi kwenye jamvi, yeye na goti lake bovu, akalala chali juu ya kahawa. Elisha akacheka, akidhani ni utani. Hata mimi nilidhani hivyo.

Kisha mama akakakamaa. Miguu ikanyooka kama miti. Mikono ikajikunja kifuani, vidole vimeingia ndani, mdomo umevutwa upande mmoja, macho yamepanda juu mpaka ukabaki weupe. Kooni ikatoka sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mama yangu. Halafu akaanza kutetemeka, na kahawa ikarukaruka chini yake, maganda yakitawanyika uani.

Sijawahi kujiona nikianguka. Nitajionaje? Miaka yote hii wengine ndio wanaoona, mimi nafika kila kitu kikiwa kimekwisha, kama mtu aliyechelewa kwenye msiba wake mwenyewe. Leo nimejiona kwenye mwili wa mama. Na najua hakukosea, kwa sababu pale alipojikunja ndipo panaponiuma kila nikiamka. Alinitazama mara ngapi mpaka akaweza kukumbuka kila kidole?

Nilitaka kumwambia aache. Aibu ilinipanda mpaka masikio yakawaka moto. Kisha nikaendelea kutazama, na aibu ikapungua yenyewe. Pale chini hapakuwa na pepo. Palikuwa na mama wa watu anatetemeka kwenye kahawa, na watu wazima wawili wamesimama.

"Nigeuze!" mama akasema kwa pembe ya mdomo. "Mama Adelina, usinisimamie! Nigeuze ubavu!"

Mama Adelina akapiga magoti. Akamgeuza.

"Weka kitu laini chini ya kichwa. Hiyo kanga yako. Usinibane miguu, niache nitetemeke. Unatafuta nini?"

"Kijiko. Si wanasema..."

"Hakuna kijiko! Mdomoni usiweke kitu chochote. Nikilegea, unakaa nami. Nikifumbua macho, unaniambia niko wapi na wewe ni nani. Ukiona inazidi dakika tano, au inarudi kabla sijaamka, hapo ndipo utafute gari unikimbize hospitali. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Elisha, na wewe umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Mama akaketi, akaanza kutoa maganda kwenye nywele. Hakuna aliyecheka. Elisha anatazama viatu vyake. Mama Adelina bado yuko magotini, kanga yake imejaa vumbi.

"Kumbe ni hivi tu," akasema.

"Ni hivi tu. Nimemgeuza tangu akiwa mtoto, na hajaniambukiza."

Msifikiri mama amebadilika. Walipoondoka alinigeukia, akarudi kwenye Kinyambo chake, lugha yetu ya nyumbani, akaniambia kwamba bado hataki niende, na kwamba nina mdomo mbaya kwa wakubwa. Yote mawili ni kweli. Nikamsaidia kukusanya kahawa iliyotawanyika.

Alasiri Elisha akatuma ujumbe. Naweza kwenda. Mama Adelina amesema atatandika godoro lake jirani na langu. Ila siku ya kwaya zote kuimba mbele ya sharika nyingine, ananiomba nikae na wasikilizaji, "kwa usalama wako".

Elisha si mtu mbaya. Anaogopa jina la kwaya yetu lisichafuke mbele ya watu wa Kyerwa. Na nitasema ukweli hapa, kwa sababu hapa ndipo ninaposema ukweli: nilikwisha kuandika "Sawa kaka, asante sana". Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kutuma. Mtu akizoea kupewa nusu, mkono unajinyoosha wenyewe kushukuru.

Nikafuta.

Nikaandika hivi: "Asante kwa nafasi. Nitasimama kwenye sauti ya pili, mahali pangu. Mkesha sitakesha, nitalala mapema, na chakula sitaruka. Huo ndio usalama wangu. Huo mwingine ni wenu."

Nikatuma kabla sijaogopa.

Akausoma. Nikaona amesoma. Hakujibu.

Basi nikaendelea kufungasha, maana mikono ikikaa bure kichwa kinaanza kupiga hesabu za mabaya. Shuka na blanketi, kwa kuwa kiangazi hiki mchana ni moto na alfajiri ni baridi ya kung'ata. Sweta. Kandambili. Biblia, kitabu cha nyimbo, sahani, kikombe. Kikombe changu mwenyewe kutoka nyumbani, na yeyote atakayetaka kunywea humo anakaribishwa. Taulo za kike. Sare ya kwaya nimeikunja juu kabisa isikunjamane, na upindo nimeurudia kushona kwa mkono, maana mshonaji hawezi kwenda kwa watu na upindo unaoning'inia.

Dawa. Zamani mama alinifundisha kuzificha ndani ya soksi, watu wasiulize. Leo nimezitia kwenye mfuko unaoonyesha ndani, nikaziweka kwenye mfuko wa mbele wa begi. Atakayeuliza nitamjibu. Asiyeuliza pia huenda nikamjibu, nitaona nitakavyoamka.

Nimempigia Edina. Nikamweleza yote, mpaka mama alivyolala kwenye kahawa. Akasema, "Siku ile nilikuwa nakushika mkono tu. Sikujua natakiwa kukugeuza." Nikamwambia mkono ulitosha. Akasema haukutosha, na kesho kwenye Fuso atakaa karibu nami nimfundishe. Nimekata simu nikajifuta macho kwa upindo wa sare niliyoipiga pasi. Itabidi niirudie.

Jibu la Elisha limekuja wakati nahangaika na godoro. "Sawa. Saa saba kanisani. Usichelewe."

Ni hilo tu. Safari hii hakusema ananipenda. Nimelipenda zaidi hivyo.

Sasa jua limeshuka nyuma ya migomba na mama ameingia chumbani bila hodi. Ametazama godoro nililolikunja, akasikitika kwa kichwa, akalikunjua lote na kuanza upya. Yeye akakaa juu yake, mimi nikazungusha kamba. Akaniuliza tena, kwa sauti ndogo: ukianguka huko, nani atakugeuza?

Nimemwambia Mama Adelina. Nimemwambia Edina. Nimemwambia na wengine nitawafundisha mmoja mmoja, hata kama nitalazimika kulala chini na kuwaonyesha kama alivyowaonyesha yeye.

Mama akasema nisilale kwenye vumbi na sare.

Ningeandika kwamba siogopi, ingependeza kusoma. Lakini naogopa. Si kufa ninakoogopa. Naogopa kufumbua macho nikaona madirisha yamejaa sura. Inaweza kutokea Nyakatuntu, mbele ya sharika zote, katikati ya wimbo. Inaweza isitokee. Nimemwomba Mungu isitokee, kisha nikamwambia kwamba ikitokea, bado nitakuwa nimekwenda.

Naogopa, ndiyo. Ila godoro limeshafungwa.