Waya Juu ya Ukuta wa Baba Mdogo

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeketi, hujalala. Mimi ni mzima, ila vidole vimechubuka kwa kusugua meno bandia ya watu kutwa nzima.

Daktari wako ameniandikia. Anasema moyo wako umechoka, na kwamba sasa tuhesabu miezi. Nilisoma nikiwa karakana, nikaliweka chini taya bandia la mteja nililokuwa nalisugua. Kibali changu cha ukaazi kiko ofisi ya uhamiaji ya huku hadi Julai. Nikitoka nchi hii kabla ya hapo sirudi tena. Kwenye simu hunisikii, masikio umeyaacha kazini. Basi angalau tuonane. Funga intaneti nyumbani, ya kwako, tuache kumtegemea mwenye duka la kupiga chapa atutumie picha za barua kila tukitaka kuandikiana. Mimi nitaandika maneno kwenye karatasi na kuyanyanyua mbele ya kamera, wewe utasema. Kampuni chagua mwenyewe. Hakuna mtu mtaani hapo anayejua mambo ya waya kukushinda. Malipo niachie.

Nataka kukuona, Baba. Sina jingine.

Binti yako

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia u mzima. Vidole vipake mafuta kabla ya kulala. Meno uliyonitengenezea yanakusalimu. Ndiyo kitu pekee mwilini mwangu ambacho hakijalalamika mwaka huu.

Wakala wa intaneti amekuja. Nimempa jina la Bi Kasi, kwa kuwa kila sentensi yake inaishia na kasi. Ana sauti kubwa, nikaambulia nusu ya maneno bila kumtazama mdomo. Kampuni ziko tatu. Moja huleta mtandao kwa waya kutoka kwenye nguzo. Nyingine hukupa kisanduku kinachonasa mawimbi ya mnara ulio nyuma ya kilima. Ya tatu hufunga dishi juu ya paa. Nilimuuliza ni nyumba ngapi zinagawana mnara huo jioni, na waya ukikatika fundi hufika baada ya siku ngapi. Akasema, "Mzee, nimekuja kuuza au kufanya mtihani?" Nikamwambia mtu hawezi kukaa miaka thelathini na moja kwenye ubao wa kuunganisha simu halafu asiulize.

Nimechagua mnara. Hauhitaji kumsumbua mtu.

Baba yako

28 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimeamkaje? Mimi sijambo.

Tumejaribu mara sita. Mara ya mwisho uso wako uliganda mdomo ukiwa wazi, nikabaki nikiutazama dakika nne nzima, sijui ni mtandao au ni wewe. Nililia mpaka mwenye duka aliponiandikia kuwa amekuja kukuchungulia, uko salama, unagombana na kisanduku. Siwezi kupitia dakika nne za namna ile tena. Badilisha kampuni, tafadhali.

Binti yako

4 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na pole kwa hofu niliyokutia. Pumzi siku hizi inaishia mlangoni. Nikifika hapo natafuta kiti. Vinginevyo nashukuru.

Nimeulizia dishi. Bi Kasi alilitazama paa letu, akasema mabati yameoza, yabadilishwe kwanza, na lile jengo la ghorofa nne linaziba anga upande unaotakiwa. Huenda ikachukua mwezi, huenda miwili. Tungoje.

Baba yako

10 Aprili

Baba,

Shikamoo. Ninaandika kwa haraka wakati wa mapumziko, unisamehe salamu fupi.

Nimempigia Bi Kasi mwenyewe. Anakupenda, anasema hajapata kukutana na mteja wa namna yako. Lakini amenishangaza. Ya waya ndiyo nzuri kuliko zote kwa mtaa huo, na tangu siku ya kwanza alikwambia hivyo. Nguzo iko hatua thelathini kutoka mlangoni pako, ndani ya ua wa Baba Mdogo. Kinachotakiwa ni saini yake tu, akubali waya upite juu ya ukuta wake. Anasema fomu alikuachia, ukaikunja na kuitia katika mfuko wa koti.

Katika barua zako zote hilo hukuligusa. Najua hamsemezani. Tangu utoto tuliambiwa Baba Mdogo aliitwa kumzika Bibi akakataa kuja, na sisi watoto tukafundishwa tusimsalimie. Lakini tunazungumzia saini, Baba, na wewe huna mwezi wala miwili ya kungoja mabati. Kuna nini?

Binti yako

24 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Hali yangu utaiona kwenye mwandiko. Siku kumi na nne nimekuwa nikiiandika barua hii na kuichana. Hii nitaipeleka ilivyo.

Baba yako mdogo hakukataa kuja kumzika mama yetu. Hakuitwa. Aliyewaambia watu kwamba aliitwa ni mimi.

Bibi yako aliugua siku tisa. Mimi ndiye niliyemwosha, nikamlisha kwa kijiko, nikamgeuza asichubuke mgongo. Mdogo wangu alikuwa kwenye machimbo ya mawe, safari ya siku mbili, na kambi nzima ilikuwa na simu moja mezani kwa karani. Siku ya saba mama alifumbua macho, akanitazama sawasawa, akili yake timamu, akasema, "Nipigie simu kwa mwanangu."

Kwa mwanangu. Aliniambia mimi, kama mtu anavyomwambia mhudumu wa zamu.

Nilikwenda kazini mchana ule. Simu zote za mbali zilipita mikononi mwangu. Nilivaa visikizio, nikachukua waya, nikaufikisha kwenye tundu la laini ya kambi. Ulipobaki umbali wa ukucha, nikasimamisha mkono. Sijui nilikaa hivyo muda gani. Kisha taa ya mtu mwingine ikawaka, mfanyabiashara aliyetaka kuulizia saruji, nikaupeleka waya kwake. Nikajiambia nitapiga baadaye. Kesho yake nikajiambia vivyo hivyo. Keshokutwa yake mama akafa, uso ameuelekeza mlangoni.

Watu waliponiuliza nilisema nimempata, naye amejibu kuwa kazi imembana. Nilisema mara moja tu, wengine wakanisaidia kulieneza neno hilo. Alipofika baada ya wiki mbili, akiwa amesikia habari kwa dereva wa lori, hakuna aliyempa kiti. Aliapa hakuitwa. Akarudi kambini akampiga yule karani, akidhani ndiye aliyeuficha ujumbe, na akafukuzwa kazi. Karani wa watu hakuwa na kosa lolote. Nilizisikia habari hizo kwenye laini, nikaziunganisha kama simu nyingine yoyote.

Miaka thelathini na nane tumekaa yeye kule, mimi huku, ukuta katikati. Mama yako amekufa hajui. Nimefundisha watu kazi, nimepewa cheti cha utumishi bora, kiko ukutani hapo ulipokiona, na kila nikikitazama namkumbuka mama yangu akitazama mlango.

Mnara ni huduma mbovu kwa nyumba yetu. Nililijua hilo kabla Bi Kasi hajamaliza kunywa maji. Kupitia dirisha la mdogo wangu naiona taa ya kijani ya kisanduku chake, mwaka wa pili sasa, sijaiona ikizimika. Lakini mtu niliyemnyima simu moja, nimwombe njia ya kuzungumza na mwanangu? Nimeshindwa. Nikatafuta kampuni nyingine.

Baba yako

27 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nimeisoma mara mbili, kisha nikarudi kazini, kisha nikaomba ruhusa nikaenda nyumbani.

Sitakwambia kwamba si kitu. Nilipokuwa na miaka saba Baba Mdogo alininyooshea peremende juu ya ule ukuta. Niliipokea, nikaitupa chini mbele yake, maana ndivyo tulivyofundishwa. Aliinama akaiokota, akaipangusa. Leo nimeikumbuka siku nzima.

Umeniambia mimi, lakini mimi si wa kukusamehe. Mwenye haki hiyo yuko hatua thelathini. Mambo ya intaneti yaache. Nenda tu, ukiwa bado unaweza kutembea.

Bado wewe ni baba yangu.

Binti yako

6 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nimekwenda.

Nilipumzika mara mbili njiani, mara ya pili nikiwa nimeushika ukuta wake. Alifungua mwenyewe. Amezeeka vibaya kama mimi, ila mgongo wake umenyooka. Alidhani nimekuja kufia mlangoni pake, akaniletea kiti. Kiti hicho, mwanangu, kilinishinda kukikalia. Nikasema nikiwa nimesimama.

Nilimweleza yote kwa mpangilio, kama nilivyokueleza wewe, pamoja na saruji. Nilipomaliza alisogea karibu ili niuone mdomo wake. Sikujua kwamba anajua nimekuwa kiziwi.

"Ulikuwa zamu wewe?"

"Ndiyo."

"Na waya ulikuwa nao mkononi?"

"Ndiyo."

"Yule karani," akasema, "nilimvunja taya."

Alikichukua kiti, akaingia nacho ndani, akafunga mlango taratibu, bila kuubamiza. Afadhali angeubamiza.

Fomu ilikuwa mfukoni muda wote. Sikuitoa. Ningeitoa, angesema nimekuja kwa ajili ya saini, na pengine angekuwa na haki. Kwa hiyo huenda tusionane, mwanangu. Nakuomba ukubali hivyo. Uso wangu si mzuri siku hizi hata hivyo, na meno nimeyavua, yananilegea.

Baba yako

22 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu bila jibu. Mwenye duka anasema hujapita kwake tangu ile ya mwisho. Nimemwomba afunge duka nusu saa aje abishe hodi mlangoni pako. Mtu yeyote atakayesoma hii, tafadhali aniandikie, hata neno moja.

Binti yako

23 Mei

Mwanangu,

Sijawahi kukuandikia, kwa hiyo sijui nianze na salamu gani. Natumaini huko uliko una afya. Mimi ninayo ya kutosha.

Baba yako yu hai. Alianguka chumbani siku nane zilizopita. Nilisikia kishindo nikiwa uani, nikangoja kidogo nisikie kama kuna mtu atakayekwenda. Hakukuwa na mtu. Nikaruka ukuta, kwa umri huu. Tangu siku hiyo niko hapa. Namwosha, namlisha kwa kijiko. Daktari amekuja, akaniita pembeni. Alichoniambia unaweza kukikisia. Ni siku, si wiki.

Anazungumza kidogo asubuhi. Mara nyingine anaamka ananiita nimpigie simu mdogo wake. Ninamwambia nimeshapiga, yuko njiani.

Sijamsamehe, nisikudanganye. Sijui kama nitawahi kabla hajaondoka. Nimemtafuta yule karani. Nimeambiwa alikufa zamani.

Nilipokuwa nikimvua koti niliikuta fomu, imekunjwa mara nne, mahali pa saini ya jirani hapana kitu. Mwenye duka alinieleza ni ya nini. Nimeitia saini jana. Yule mama wa kasi amekuja leo na mafundi wake, waya umepita juu ya ukuta wangu, na kisanduku kiko dirishani kwa baba yako. Taa yake ni ya kijani, haichezi.

Mimi siku zile za mama nilizikosa. Najua mtu anabaki na nini. Sitaki ubaki nacho.

Andika maneno yako kwa herufi kubwa, macho yake yamepungua. Usingoje kupanga saa wala kumaliza kazi ya mtu. Kiti changu kiko kando ya kitanda na simu ya baba yako ninayo mkononi. Piga sasa hivi. Nitapokea.

Baba yako mdogo